Gyudon ya nyumbani: nyama ngumu, wali usioshikana, na mchuzi bila pombe

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mama. Mwaka juzi nilikuwa Tokyo kwa mafunzo ya miezi mitatu, kule Asakusa kuna mkahawa wa halali nilikuwa nakula gyudon karibu kila wiki, lile bakuli la wali na nyama ya ng'ombe na vitunguu juu. Nimerudi nimejaribu kupika mara tatu nimeshindwa. Nilinunua steki ya bei kabisa, inakuwa ngumu kama ndala. Wali unachambuka, vijiti haviushiki. Mchuzi una chumvi ya soya sosi tu, ile ladha ya kule sijaiona. Na kila risipi inataka mirin na sake, mi Muislamu sitii pombe kwenye chungu changu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Nimefurahi sana kwa swali hili mana ni chakula ninachokipenda kutoka moyoni na nimekipika miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu, chota chai ukae.

Nianze na hiyo steki. Umenunua nyama nzuri mno kwa chakula hiki, na hapo ndo tatizo la kwanza lilipoanzia. Gyudon, gyu ni ng'ombe na don ni kifupi cha donburi yaani bakuli, sio chakula cha heshima kule, ni chakula cha watu wenye haraka na hela kidogo. Wajapani kula ng'ombe waziwazi ni jambo la juzijuzi tu ukiangalia historia yao, sheria za kukataza nyama zilianza mwaka 675, zikawa zinarudiwarudiwa, na mpaka mfalme Meiji alipokula nyama hadharani mwaka 1872 ndo watu wengi wakaona basi ruksa. Walianza na gyunabe, chungu kidogo cha nyama kinachochemka mezani, afu wenye hela ndogo wakawa wanamwagiwa ile nyama na mchuzi wake juu ya wali, basi, gyudon hiyo. Yoshinoya, ambayo ndo mkahawa mkongwe wa gyudon unaojulikana, ilianzishwa mwaka 1899 na Matsuda Eikichi kwenye soko la samaki la Nihonbashi pale Tokyo, tetemeko kubwa la 1923 likaliharibu lile soko wakahamia Tsukiji. Wateja wake walikuwa wabeba mizigo na wauza samaki, watu wa alfajiri, wanataka kitu cha moto, kitamu, rahisi, ambacho unakula umemaliza dakika kumi unarudi kazini. Sasa mtu kama huyo unampa steki ya wapi? Walikuwa wanapewa vipande vya nyama yenye mafuta, na mpaka leo kipande kinachotumika ni kile bapa cha chini ya mbavu kuelekea tumboni, nyama na mafuta vimepangana tabaka kwa tabaka.

Na kuhusu hayo mafuta kuna kisa nakisimulia kila nikifundisha watu. Desemba 2003 ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulionekana Marekani, Japani wakazuia nyama yote ya kutoka kule. Yoshinoya walikuwa wanategemea nyama ya Marekani, ng'ombe waliolishwa nafaka, mafuta yamejaa. Nyama ya Australia ilikuwepo, wenzao wengine wakahamia huko, wao wakakataa, wakasema ladha haitakuwa ile na kiasi wanachotaka hakipatikani, Februari 2004 wakasimamisha gyudon kabisa wakawa wanauza bakuli la nguruwe, watu wakapanga foleni kula bakuli la mwisho, na ikarudi Septemba 2006. Miaka miwili na nusu mkahawa wa gyudon hauna gyudon kwa sababu ya mafuta ya nyama! Ndo ujue uzito wake.

Sasa rudi Tanga. Ng'ombe wetu ni wa kutembea, anakula majani, anakunywa maji mbali, nyama yake ina ladha nzuri sana lakini ni kavu na ina misuli, afu tunamchinja usiku asubuhi yuko bucha, nyama haijapata siku hata mbili za kulegea. Steki ya ng'ombe huyo haina mafuta ndani, ukiichemsha inakaza inatoa maji yote basi umebaki na ndala kama ulivyosema. Kwa hiyo nenda kwa muuza nyama wako mwambie unataka kidari chenye mafuta bila mfupa, au ile nyama bapa ya mbavuni kuelekea tumboni, na kama ana nundu mwombe akukatie kipande kidogo. Nundu hii watu wengi wanaichukulia poa, mi nakwambia kwa gyudon ni hazina, mafuta yake yamejisokota katikati ya nyama kabisa, ng'ombe wa Wajapani wenyewe hawana nundu. Ukigawa ile nusu kilo ya nyama mafungu manne, matatu yawe kidari na moja nundu. Bei itakuwa chini ya ile steki.

Kukata ndo kazi kubwa, usiipuuze. Kule unanunua nyama imeshakatwa nyembamba kwa mashine, unaikuta supamaketi kwenye trei. Hapa unafanya hivi, chukua kipande chako kizima, kisizidi nusu kilo, kifunge kwenye nailoni kibane kikae umbo zuri, tia friza saa moja na nusu mpaka mbili. Usikiache kikawa jiwe, unataka nje kimekaza na ndani kisu bado kinapita kwa kusukuma. Noa kisu chako. Angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kata ukizivuka, yaani kisu kiende kukatiza nyuzi, sio kufuata nyuzi, na unene uwe milimita mbili hivi, ukiinua kipande kwenye mwanga unaona kama kinapitisha mwanga kidogo. Hapa ndo watu wanachoka wanaanza kukata kama ya mishkaki. Vumilia mwanangu. Nyuzi ndefu ndo zinazokufanya utafune mpaka taya liume, ukizikata fupi hata ng'ombe mzee anatafunika. Na usitie papai bichi kama tunavyotia mishkaki, kwenye nyama nyembamba namna hii papai linaila nyama inakuwa kama uji, nimeona watu wakiharibu hivyo.

Mchuzi sasa. Umesema una chumvi ya soya tu, hiyo ni dalili kwamba umetumia maji matupu, au kyubu ya supu labda. Chini ya ladha ya gyudon kuna dashi, ile supu nyepesi ambayo kwa Wajapani ni kama tui kwetu watu wa pwani, huioni lakini ukiitoa chakula kinakuwa yatima. Dashi maarufu inatengenezwa kwa kombu, mwani mkavu mnene wa bahari ya baridi, na katsuobushi, samaki jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi akawa mgumu kama ubao afu wanamparua. Mwaka 1908 profesa Ikeda Kikunae wa Tokyo alichambua kombu akakuta ni glutamati ndo inayoleta ile ladha nzito ya kujaza mdomo, akaiita umami. Sasa wewe wa Tanga utatoa wapi kombu? Na tafadhali usichukue mwani wa Unguja au wa huko kwenu ukadhani ni ileile, huu wetu unalimwa kwa ajili ya kutoa kitu cha kugandisha vyakula na vipodozi, ukiuchemsha unapata utelezi, ladha ya dashi haipo.

Lakini unacho kitu kingine, na hapa nataka unisikilize vizuri. Wajapani wana dashi nyingine inaitwa ya niboshi, na ndo ya nyumbani haswa, ya bibi. Niboshi maana yake ni kilichochemshwa kikakaushwa. Ni samaki wadogo wa bahari, wanachemshwa kwenye maji ya chumvi afu wanaanikwa juani. Unamjua samaki huyo? Ni dagaa! Dagaa mchele wa Unguja na wa pwani yote hii wanachemshwa vilevile kwa maji ya chumvi na kuanikwa vilevile, ni ndugu kabisa na hao wa Japani. Mi nilipogundua hili niliacha kuhangaika na pakiti za unga wa dashi za bei mbaya. Ila lazima wawe dagaa wa bahari waliochemshwa, dagaa wa Mwanza na wa Kigoma ni wazuri kwa mboga lakini hawakupitia chumvi wakachemshwa namna hiyo, na mara nyingi wana mchanga, supu yake inakuwa na harufu nyingine.

Wachague wanaong'aa rangi ya fedha, tumbo halijapasuka, waliojikunja mgongo, kujikunja ni ushahidi kwamba walichemshwa wakiwa freshi. Wakiwa na rangi ya njano au kutu waache, mafuta yao yameshaharibika. Nguzo ya kazi hii ni kutoa vichwa na matumbo, kale keusi ka tumboni ndo kanakoleta uchungu, kaa na dagaa kiganja kimoja kilichojaa uwatoe mmoja mmoja. Walowanishe kwenye lita moja ya maji baridi, usiku mzima ndani ya friji kama una muda, nusu saa kama huna. Afu bandika moto mdogo, yakianza kuchemka punguza uache dakika kama saba hivi, engua povu, chuja. Utapata maji ya rangi ya chai nyepesi sana, yana harufu ya bahari lakini sio shombo. Yaonje! Kama yana chumvi, na ya dagaa wetu huwa yana chumvi, basi soya sosi utapunguza. Ukipenda tupia uyoga mkavu mmoja au wawili wakati wa kulowanisha, unaongeza uzito wa ladha.

Kuhusu mirin na sake usiwe na wasiwasi. Mirin ni mvinyo mtamu wa mchele wenye kilevi kama asilimia 14, kazi yake kwenye chungu ni utamu na kung'arisha, sake inakata harufu ya nyama. Vyote viwili vinafanyika bila pombe. Utamu ni sukari, mi napenda sukari ya kahawia mana ina kina kidogo, na kijiko kimoja cha asali mwishoni kinaleta ule mng'ao. Harufu ya nyama inakatwa na tangawizi, vipande vitatu vinne vyembamba. Wapo watakaokwambia pombe inaruka yote ikichemka, sio kweli yote, inabaki kiasi, kwa hiyo msimamo wako wa kutotia ni sawa na ladha haitakulaumu. Angalia tu na soya sosi yenyewe, ile ya kuchachushwa kiasili huwa ina kilevi kidogo kinachotokana na uchachu wake, kama inakutatiza zipo zenye nembo ya halali. Na isiwe ile nyeusi nzito tamu ya kupikia wali wa Kichina, nunua ya kawaida nyepesi.

Vipimo kwa watu wanne. Nyama nusu kilo, vitunguu maji viwili vikubwa, dashi mililita 400, soya sosi vijiko vitano vya chakula kwanza ukionja ndo unaongeza cha sita, sukari vijiko vitatu, tangawizi. Vitunguu kata kufuata urefu wake, vipande vya upana wa kidole kidogo, vikiwa vyembamba sana vinayeyuka. Vitunguu vyetu vyekundu vitafanya mchuzi uwe na rangi ya zambarau kidogo, haidhuru.

Chemsha dashi, soya, sukari na tangawizi, tia vitunguu, moto wa kati dakika tano vianze kulainika. Punguza moto. Sasa tia nyama kipande kwa kipande ukiitandaza, usimwage bonge lote likashikana. Povu la kijivu litapanda, engua lote, hapa usione uvivu mana hilo povu likibaki linaharibu mchuzi. Kuanzia hapo mchuzi usichemke tena kwa fujo, unataka utetemeke tu pembeni, vipovu kimoja kimoja. Ukiuacha ukafoka nyama inajikunja na kukaza hata kama uliikata vizuri, na nahisi na hili ulilifanya zile mara tatu. Kidari na nundu viache dakika 25 mpaka 30 bila mfuniko, mchuzi upungue kidogo, mafuta yajiachie, zile ngozingozi za katikati zilegee. Kama bado una steki ndani ya friza unataka kuimaliza, hiyo ni kinyume kabisa, pika vitunguu mpaka viive, afu steki iingie mwisho, ikibadilika rangi tu zima jiko. Sekunde 40, dakika moja, basi.

Siri nyingine ya nyumbani, zima moto uache sufuria nusu saa. Ladha inaingia kwenye nyama wakati inapoa. Afu unapasha taratibu ukiwa tayari kula.

Wali. Hapa mwanangu itabidi usahau kila alichokufundisha mama. Kwetu wali ukishikana ni aibu, mgeni akiondoka anakusema, wali mzuri ni unaochambuka punje na punje. Kule ni kinyume, wali usioshikana ni mbovu, utaulaje na vijiti? Aina yao ya mchele ni punje fupi nene yenye wanga wa kunata, na mchele wa biriani hata ufanye nini hautashikana. Ukipata wa punje fupi supamaketi sawa, lakini sio lazima. Tafuta mchele mpya wa Kyela au Mbeya, ule wa mavuno ya karibuni ambao muuzaji mwenyewe anakuonya kwamba huu mpya mama, utie maji kidogo, unashikana. Ndo huohuo unautaka! Uoshe kwa kuusugua taratibu na kubadilisha maji mara nne tano mpaka yakaribie kuwa safi, ulowanishe nusu saa. Maji vikombe viwili na robo kwa mchele vikombe viwili, ukiwa mpya sana basi viwili tu. Hakuna mafuta, hakuna chumvi, hakuna nazi, najua inauma lakini chumvi yote iko kwenye mchuzi. Funika, moto mkali mpaka uchemke, punguza kabisa dakika 12, zima, usifunue dakika 10. Kama unapikia mkaa usiupalie, moto wa juu unakausha punje za juu na sisi tunataka mvuke ubaki ndani. Geuza kwa mwiko uliolowa maji, kwa kukata, usisonge.

Ile tangawizi nyekundu ya pembeni, beni shoga, tengeneza siku mbili kabla. Tangawizi changa ya Same ikiwa msimu ni nzuri sana, ikate nyuzi nyembamba, inyunyizie chumvi ikae saa moja, kamua, itie kwenye chupa na siki nyeupe, ndimu nusu, sukari chembe, na kipande cha bitiruti kwa rangi. Ya kwao inapata wekundu na uchachu kutoka kwenye maji ya matunda ya ume, matunda makali ya kwao, yaliyotiwa chumvi, hii ya kwetu inatosha na kazi yake ni ileile, kukata mafuta mdomoni. Usiiache, bila hiyo bakuli linachosha ukifika nusu. Na kwa unga wa pilipili wa viungo saba, shichimi, saga pilipili kavu, ufuta uliokaangwa, na ganda la chungwa ulilolianika, ukinyunyiza hiyo juu utanikumbuka.

Yai, kule wanapasua bichi juu. Usifanye hivyo hapa. Mayai yao yanaoshwa na kukaguliwa na tarehe ya kwenye boksi inahesabiwa kwa mtu atakayekula bichi, yetu yanatoka bandani na mavi ya kuku juu yake. Pika yai la maji ya moto, lipasue kwenye maji yanayotetemeka yenye siki kidogo, na kwa watoto au mjamzito liive mpaka kiini.

Kupakua, wali ujae nusu na kitu ya bakuli refu, nyama na vitunguu juu zifunike wali wote, afu mchuzi. Kiasi cha mchuzi ni mapenzi, kule mtu anayetaka wali ulowe anaagiza "tsuyudaku", na wewe mtu wa pwani uliyezoea wali na mchuzi nadhani ndo utapenda hiyo, vijiko vinne vitano vishuke mpaka chini. Usikoroge kama pilau. Inua bakuli, shika karibu na mdomo, anza pembeni moja, kila pandisho liwe na wali wa chini na nyama ya juu, katikati unabadilisha kwa tangawizi kidogo.

Mchuzi ukibaki usiumwage, unakaa friji siku tatu. Kesho yake ongeza dashi kidogo, chemsha tambi nene ndani yake na zile nyama za chini zilizobaki, kule wanaita niku udon na mi mara nyingine napika gyudon nyingi makusudi ili hiyo ya kesho ipatikane.